Kusoma Mashapo ya Maziwa ya Milimani: Istilahi za Uchafuzi na Msikilizaji wa Isiolo

IKISIRI

Makala haya yanajadili namna shughuli za binadamu zinavyoacha alama katika mashapo ya maziwa ya milimani, na namna matokeo ya utafiti wa mashapo yanavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili pasipo kupotoshwa. Mifano imetolewa katika Mlima Kenya, Milima ya Rwenzori, Ziwa Viktoria na pwani ya Malindi, na kulinganishwa na ile ya Uskoti na Uswidi. Msikilizaji anayelengwa ni mkazi wa Isiolo, ambaye maji yake hutegemea mlima na ambaye hukutana na taarifa rasmi kwa Kiswahili ilhali nyumbani huenda akazungumza Kiborana, Kisamburu, Kiturkana, Kisomali au Kimeru. Istilahi tano zinachunguzwa: mashapo, tabaka, risasi, masizi na uchafuzi. Makala yanahitimisha kwamba uteuzi wa istilahi ni sehemu ya ukweli wenyewe wa kisayansi unaomfikia mwananchi.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba maarifa ya sayansi si mgeni katika majarida ya wanafunzi wa Kiswahili. Mara nyingi mjadala huo umejikita katika swali la iwapo istilahi zipo au hazipo. Kwa hakika, istilahi nyingi zimekwishaundwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, ilichapisha kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Hata hivyo, kuwapo kwa neno katika kamusi ni jambo moja, na kueleweka kwa neno hilo katika baraza la kijiji ni jambo jingine.

Isiolo ni mahali panapofaa kulijaribia suala hili. Mji huu umejengwa pale ambapo miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya inaishia na nyika kavu inaanza. Anga linapotakata, mlima huonekana kutoka mjini. Wafugaji wa ngamia na ng'ombe, wakulima wadogo na wafanyabiashara wa jamii mbalimbali hukutana hapa, na lugha inayowaunganisha sokoni na barazani ni Kiswahili. Aidha, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya katika kifungu cha 42, na inampa kila raia haki ya kupata taarifa iliyo mikononi mwa dola katika kifungu cha 35. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Vifungu hivi vitatu vikisomwa kwa pamoja, vinazaa swali moja: taarifa ya mazingira ikitolewa kwa Kiswahili ambacho msikilizaji hawezi kukielewa, au atakielewa vingine, je, haki hiyo imetimizwa?

2.0 Mashapo na Namna Yanavyosomwa

Ziwa hupokea kila kitu kinachoteremshwa na maji au kuangushwa na upepo: udongo, majani, chavua, majivu, vumbi na mabaki ya mwani. Vitu hivi huzama polepole na kutulia chini. Vya mwaka huu hulala juu ya vya mwaka jana. Hali hii ikiendelea kwa karne nyingi, tope hurundikana kwa mpangilio. Ama kweli haba na haba hujaza kibaba.

Mtafiti husukuma mrija mrefu katika tope la chini ya ziwa, kisha huuvuta ukiwa umejaa. Tope hilo hukatwa vipande vyembamba, aghalabu vya sentimita moja au chini ya hapo, na kila kipande hupimwa peke yake. Kazi ya kwanza ni kujua umri wa kila kipande. Kwa miaka 150 hivi iliyopita, hutumiwa aina ya risasi inayotoa mnururisho, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 22 au karibu na hapo. Pia hutafutwa alama za majaribio ya mabomu ya nyuklia. Majaribio hayo yalieneza elementi ya sizi duniani kote, na kiwango chake kilifikia kilele takribani mwaka 1963, mwaka ambao mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya angani ulitiwa saini. Kwa mashapo ya kale zaidi, hutumika kaboni 14.

Kazi ya pili ni kusoma vilivyomo. Chavua hueleza mimea iliyokuwa ikiota. Chembe za mkaa hueleza mioto. Diatomu, yaani mwani mdogo wenye magamba kama ya kioo, hueleza iwapo maji yalikuwa na asidi au la, kwa kuwa kila aina yake hupenda maji ya namna fulani. Metali kama zebaki na risasi hueleza viwanda, migodi na magari. Hatimaye kuna chembe ndogo za duara za kaboni zinazotokana na kuchomwa kwa makaa ya mawe na mafuta mazito katika joto kali. Chembe hizi hazina chanzo cha asili. Zikionekana katika tope, basi binadamu amehusika.

Kwa nini maziwa ya milimani? Sababu ni kuwa yapo mbali na mashamba, viwanda na miji. Eneo linaloyaletea maji ni dogo. Kwa hiyo metali ya viwandani ikipatikana humo, njia yake kuu ya kufika ni anga. Ziwa la mjini hueleza habari za mji wake; ziwa la mlimani hueleza habari za dunia.

3.0 Yaliyokwisha Kusomwa

3.1 Ulaya: mashapo kama shahidi

Katika miaka ya 1980, kulikuwa na ubishi mkali barani Ulaya kuhusu maziwa yaliyokuwa yakipoteza samaki. Baadhi ya watu walidai kuwa asidi iliyokuwa majini ilitokana na mabadiliko ya matumizi ya ardhi, kama vile upandaji wa misitu. Wengine walishuku moshi wa mitambo ya kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe. Rick Battarbee na wenzake walichunguza mashapo ya ziwa dogo la Round Loch of Glenhead, kusini-magharibi mwa Uskoti. Diatomu zilionyesha kwamba asidi ilianza kuongezeka katikati ya karne ya 19, yaani wakati viwanda viliposhamiri, na si wakati misitu ilipopandwa. Ushahidi wa namna hii ulichangia kuzishawishi serikali zipunguze moshi wa salfa.

Nchini Uswidi, Ingemar Renberg na wenzake walionyesha mwaka 1994 kwamba risasi iliyotokana na uchimbaji na uyeyushaji wa madini katika enzi za Wayunani na Warumi ilifika katika maziwa ya mbali ya kaskazini zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Uchafuzi wa anga, basi, si jambo la juzi wala jana. Kilichobadilika ni kiasi chake.

3.2 Afrika Mashariki: milima, ziwa na pwani

Katika Mlima Kenya, mashapo yamesomwa hasa kwa ajili ya historia ya tabianchi. Ziwa Takatifu, lililo kwenye kreta yapata mita 2,350 juu ya usawa wa bahari katika mteremko wa kaskazini-mashariki, limehifadhi kumbukumbu za zaidi ya miaka 100,000. Mwaka 1997, kundi la watafiti lililoongozwa na Alayne Street-Perrott, na lililomjumuisha Daniel Olago wa Chuo Kikuu cha Nairobi, lilionyesha kwamba upungufu wa hewa ya kaboni dioksidi wakati wa enzi ya barafu ulichangia kuifanya nyasi itawale mahali ambapo leo pana msitu. Fundisho hili lina uzito wake. Ikiwa badiliko la hewa lilitosha kuusogeza msitu wa Mlima Kenya hapo kale, basi badiliko la sasa, ambapo hewa hiyo imepanda kutoka sehemu 280 katika milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420, haliwezi kuchukuliwa kwa wepesi. Theluji ya mlima ni ushahidi mwingine: kati ya mwaka 1934 na 2010, barafuto ya Lewis ilipoteza takribani asilimia 90 ya ujazo wake.

Kuhusu uchafuzi wenyewe, mfano ulio karibu ni wa Rwenzori. Milima hii imo mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2010, Handong Yang, Daniel Engstrom na Neil Rose walichapisha utafiti wa mashapo ya maziwa ya huko upande wa Uganda. Walibaini kwamba zebaki inayoangukia maziwa hayo imeongezeka ikilinganishwa na ile ya kabla ya enzi za viwanda. Maziwa haya yako karibu na ikweta, mbali na vitovu vikuu vya viwanda duniani. Zebaki, ikiwa katika hali ya mvuke, huweza kukaa angani kwa miezi mingi na kuizunguka dunia kabla ya kuanguka. Vyanzo vyake ni pamoja na uchomaji wa makaa ya mawe na uchimbaji mdogo wa dhahabu. Huu wa mwisho ndio unaoongoza duniani kwa sasa, na hufanyika hata nchini Kenya, kwa mfano Migori.

Mifano miwili isiyo ya milimani inaikamilisha picha. Kwanza, katika Ziwa Viktoria, Dirk Verschuren na wenzake walionyesha mwaka 2002 kwamba kurutubika kupita kiasi kwa maji kulianza tangu miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na kilimo katika bonde la ziwa. Kabla ya hapo wengi walikuwa wakimlaumu sangara, samaki aliyepandikizwa miaka ya 1950 na kuongezeka sana miaka ya 1980. Mashapo yalionyesha kwamba badiliko lilitangulia kustawi kwa samaki huyo. Pili, huko Malindi, Dominik Fleitmann na wenzake walisoma mwaka 2007 matumbawe yenye umri wa takribani miaka 300 karibu na mlango wa Mto Sabaki. Bariamu iliyomo ndani ya matumbawe ilionyesha kuwa udongo ulioteremshwa na mto ulianza kuongezeka mwanzoni mwa karne ya 20, wakati matumizi ya ardhi katika nyanda za juu yalipobadilika chini ya utawala wa kikoloni. Yaliyotendwa bara yaliandikwa pwani.

4.0 Isiolo Chini ya Mlima

Maji hufuata mkondo. Vijito vinavyotoka Mlima Kenya, kama Naro Moru, Nanyuki, Sirimon na Timau, hulisha Mto Ewaso Ng'iro, ambao pia hupokea maji ya Milima ya Aberdare. Mto huo hukata kati ya mbuga za Samburu na Buffalo Springs, hupita Archer's Post, huendelea hadi Merti na kuishia katika kinamasi cha Lorian. Mto Isiolo nao huteremka kutoka upande wa kaskazini wa mlima. Kati ya kilele na nyika pana mashamba makubwa ya ngano, bustani za mboga na maua, na miji inayokua. Kwa hiyo mkazi wa Isiolo huathiriwa na mambo ya aina tatu: yale yanayoangukia mlimani kutoka angani, yale yanayoongezwa njiani, na maji yanayochotwa kabla hayajamfikia.

Mambo haya matatu hayana budi kutenganishwa. Kupungua kwa mto wakati wa kiangazi ni suala la matumizi ya maji na mvua. Dawa za mashambani ni suala la katikati ya bonde. Zebaki iletwayo na upepo ni suala la dunia nzima. Taarifa inayoyachanganya humfanya mfugaji wa Merti amlaumu asiyehusika, na humfanya anayehusika apate pa kujificha. Katika eneo ambalo ugomvi wa malisho na visima umewahi kugharimu maisha, lawama iliyokosewa si jambo la kupuuzwa.

5.0 Istilahi Tano na Matatizo Yake

5.1 Mashapo

Neno hili lina asili ya nyumbani: mashapo ni yale yanayobaki chini ya chombo kinywaji kinapotulia. Linafaa kuliko "tope" au "matope", kwa kuwa linabeba dhana ya kutulia kwa wakati. Upungufu wake ni kwamba mashapo ya nyumbani hutupwa. Mwalimu anapaswa kueleza kuwa hapa kitupwacho ndicho kinachosomwa.

5.2 Tabaka

Kwa mwanafunzi wa fasihi, tabaka la juu ni la wenye mali na tabaka la chini ni la wanyonge. Katika mashapo, tabaka la juu ni la sasa na la chini ni la kale. Anayesoma mashapo kuanzia juu husoma historia kinyumenyume. Inashauriwa kuambatisha wakati kila tabaka linapotajwa, kwa mfano "tabaka la miaka ya 1960".

5.3 Risasi

Hili ndilo neno lenye hatari kubwa zaidi. Neno risasi limetoka katika Kiarabu, ambako pia hubeba maana ya metali na maana ya kitu kifyatuliwacho na bunduki. Kamusi hutoa maana zote mbili bila tatizo. Lakini mtu akisimama barazani Isiolo, mahali ambapo wizi wa mifugo kwa silaha unafahamika vyema, na kutamka kwamba "kuna risasi katika maji", atakuwa amezua taharuki au kicheko. Istilahi "madini ya risasi" hupunguza utata, na maelezo mafupi huumaliza: ni metali nzito na laini inayotumika katika betri za magari, na iliyowahi kutiwa katika petroli. Kenya, pamoja na nchi nyingine za Kusini mwa Sahara, iliachana na petroli hiyo kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Mwezi Agosti 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Nairobi, lilitangaza kwamba petroli ya magari yenye risasi imekoma kuuzwa duniani. Habari hii njema haina maana yoyote kwa asiyejua ni risasi ipi inayozungumzwa.

5.4 Masizi

Chembe za duara za kaboni hazina jina jepesi katika Kiswahili. Hata hivyo, kila anayepikia kuni anayajua masizi ya chini ya sufuria. Kuziita chembe hizo "masizi ya viwandani" kunamwezesha msikilizaji kuanzia kwenye kitu alichokwisha kukigusa. Tofauti ielezwe: masizi ya jikoni na mkaa wa moto wa nyika vimekuwapo tangu zamani, ila masizi ya viwandani huzaliwa katika joto la tanuri kubwa tu. Tofauti hiyo ndiyo inayomzuia msikilizaji kudhani kuwa jiko lake ndilo linalolaumiwa.

5.5 Uchafuzi

Uchafu huonekana kwa macho. Uchafuzi huenda usionekane. Katika Kimaa, jina Ewaso Ng'iro lenyewe hudokeza maji yenye rangi ya udongo. Mto wenye tope, basi, si lazima uwe umechafuliwa, na maji ya mlimani yanayong'aa si lazima yawe salama. Hali kadhalika, uchafuzi si sawa na sumu. Kuwapo kwa zebaki katika mashapo kunathibitisha kwamba binadamu amebadilisha anga. Hakuthibitishi kwamba anayekunywa maji ya mto atadhurika. Hilo hujulikana kwa kupima maji, samaki na watu wenyewe. Maneno haya matatu, yaani uchafu, uchafuzi na sumu, yanapaswa kufundishwa pamoja ili mipaka yake ionekane.

6.0 Matini Mbili za Kulinganisha

Matini zifuatazo zimetungwa kwa ajili ya somo hili. Zote mbili zinahusu utafiti wa Rwenzori.

Matini A: "Utafiti umegundua kuwa maziwa ya milimani yamejaa uchafu wa zebaki unaozidi kuongezeka, na wananchi wanaotumia maji ya milima wanatahadharishwa."

Matini B: "Wanasayansi walitoa mashapo katika maziwa ya Milima ya Rwenzori, mahali pasipo na viwanda. Waliona kwamba katika matabaka ya karibuni kuna zebaki nyingi kuliko katika yale ya kabla ya viwanda kuenea duniani. Zebaki hiyo ililetwa na upepo kutoka mbali. Utafiti huu unatuonyesha kwamba moshi wa nchi moja huifikia nchi nyingine. Haukupima mito ya Isiolo, na hausemi kwamba maji yake yana sumu. Kutaka kujua usalama wa maji hayo ni haki yetu, na njia yake ni kuyapima."

Matini A ni fupi na inavutia, lakini ina makosa matatu. Imetumia "uchafu" mahali pa uchafuzi. Imetumia "yamejaa" ilhali kilichoonekana ni ongezeko. Na imetoa tahadhari isiyo na kitendo, kwa kuwa haimwambii msikilizaji afanye nini. Matini B ni ndefu zaidi, ila kila sentensi yake inaweza kutetewa mbele ya mwanasayansi na pia mbele ya mzee wa kijiji. Aidha, inatafsirika kwa urahisi kwenda Kiborana au Kiturkana, kwani haikujengwa juu ya neno lenye maana mbili. Hiki ni kipimo muhimu: Kiswahili cha barazani Isiolo aghalabu ni kituo cha katikati, na mkalimani huanzia pale mzungumzaji alipoishia. Kosa lililomo katika Kiswahili husafiri pamoja na ujumbe hadi katika lugha ya nyumbani, na huko hakuna wa kulisahihisha.

Wanafunzi wanaweza kuliendeleza zoezi hili kwa kuandika upya taarifa yoyote ya mazingira iliyokwisha kutolewa kwa umma, kisha kumwomba mzungumzaji wa lugha nyingine aitafsiri papo hapo. Kila mahali anaposita, pana istilahi inayohitaji kuangaliwa.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mashapo ya maziwa ya milimani ni makavazi ya matendo ya binadamu, na kwamba Afrika Mashariki ina ushahidi wake yenyewe, kuanzia Rwenzori hadi Malindi. Yameonyesha pia kuwa ushahidi huo umewahi kuamua mabishano kuhusu nani wa kulaumiwa, iwe ni misitu ya Uskoti au sangara wa Ziwa Viktoria. Mabishano ya namna hiyo yapo pia katika bonde la Ewaso Ng'iro, na yatahitaji ushahidi uliopimwa na kuelezwa vizuri.

Mwanasayansi anaweza kusukuma mrija katika tope na kusoma miaka 1,000. Hawezi peke yake kuhakikisha kuwa mfugaji wa Merti amesikia kilekile kilichosomwa. Kazi hiyo inahitaji watu wanaojua kwamba risasi ina maana mbili, na kwamba mashapo si uchafu. Idara za Kiswahili zina watu hao. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili na wale wa sayansi ya mazingira katika vyuo vikuu vyetu waandae kwa pamoja orodha fupi za istilahi kwa kila bonde la mto, na orodha hizo zijaribiwe barazani kabla ya kuchapishwa.